Kabla ya bendera, mpe mfuko wa taka

Ikifika katikati ya Machi, simu yangu haipoi. Ni wazazi wenzangu hapa Memphis, Marekani, Wakenya, Wakongo na Warundi, wenye watoto walio skauti kama wangu, na maswali ni yale yale ya mwaka jana. Hiyo tarehe 4 Aprili, kumbukumbu ya kuuawa kwa Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani weusi, ni maandamano au ni ibada? Polisi watakuwepo? Mtoto avae sare au nguo za kawaida? Aende amekula? Mwaka juzi mama mmoja wa Goma, mtu asiyependa mizunguko, alinikata kauli: "Papa Njeri, ule King alikufaka zamani. Mutoto yangu anaenda kumufanyia nini?"

Nilimjibu haraka haraka kwamba watoto wanaenda kujitolea. Hakuridhika. Nilipokata simu nikagundua kwamba hata mimi sikuridhika. Kwa hiyo haya ninayoandika ni jibu lake lile refu, na la mwingine yeyote aliyekabidhiwa kundi la watoto wenye skafu shingoni akaambiwa awapeleke kwenye kumbukumbu ya watu waliopigania haki za kiraia.

Nianze na kosa langu, maana ushauri wote nilio nao ulitoka hapo.

Nimekulia Nyeri. Skauti yeyote anaujua mji huo hata kama hajawahi kuukanyaga, kwa sababu Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifariki huko tarehe 8 Januari 1941 na akazikwa huko. Jiwe la kaburi lake lina duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njiani ambayo skauti huisoma "nimekwenda nyumbani". Kila tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa, skauti hukusanyika pale, na kwa kuwa shule yetu haikuwa mbali, kung'oa magugu na kufagia ilikuwa kazi yetu. Sikukuu za kitaifa zikifika tulipelekwa uwanjani, soksi zimevutwa hadi magotini, tukasimama mistari miwili wageni wapite katikati. Hiyo ndiyo huduma niliyofundishwa: kupendeza, kunyooka, kutotikisika hata inzi akikutua puani.

Basi miaka sita iliyopita, nikiwa msaidizi mpya wa kiongozi wa kundi, kanisa moja la mtaani kwetu liliomba skauti wasaidie kwenye kumbukumbu yake ya 4 Aprili. Nikafanya nilichokijua. Watoto 14, mashati yamepigwa pasi mpaka kola zinakata, bendera mbili mbele. Wakaingia kwa hatua, watu wakapiga makofi, nikavimba kichwa. Baada ya hapo hawakuwa na kazi. Bendera ni shughuli ya dakika tano, na hotuba zilikuwa za saa mbili. Mchungaji alipofika kwenye kusoma majina ya marehemu, wawili wetu walikuwa nyuma ya basi la kanisa wakipigana picha, vidole viwili juu, vicheko vinasikika hadi mbele. Vikombe vya juisi waliyopewa na akina mama wa jikoni vilikuwa vimetapakaa chini ya mti, kama kumi hivi.

Mzee mmoja akainuka kwenye kiti chake. Hakumsemesha mtu. Akaitundika fimbo yake kwenye mkono wa kushoto, akainama taratibu, akaokota kikombe cha kwanza. Hakukitia mfukoni moja kwa moja. Alikigeuza kichwa chini juu ya nyasi, akakigonga kwa kidole mara mbili, akangoja tone la mwisho lidondoke, ndipo akakiweka ndani ya mfuko. Akaokota cha pili. Akakigeuza, akakigonga, akangoja.

Nilimkimbilia kuomba radhi na kumpokea mfuko. Akaniambia bado vitatu. Alipomaliza, alinieleza bila ukali wowote kwamba baba yake alikuwa mzoa taka wa jiji hili, mmoja wa wale 1,300 waliogoma mwaka 1968, na kwamba yeye mwenyewe mwaka huo alikuwa na miaka 12. Mama yake alikuwa hamruhusu mumewe kuingia ndani na nguo za kazi. Alivulia nguo kwenye ngazi za nyuma, mashati yananuka maji ya taka yaliyomchuruzikia kutwa nzima kutoka kwenye mapipa yaliyotoboka, na mara nyingine mna funza kwenye mikunjo ya kola. Ndiyo maana nyumbani kwao hakuna mtoto aliyeruhusiwa kutupa kitu chenye maji. Mwaga kwanza. Kuna mtu atakibeba begani.

Siku hiyo watoto wangu walikuwa na umri ule ule aliokuwa nao mzee huyu, na hakuna hata mmoja aliyejua lolote kuhusu baba yake. Kosa lilikuwa langu. Niliwaandaa viatu, sikuwaandaa masikio.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: hadithi itangulie ufagio. Tena isiwe ndani ya gari mkiwa njiani, maana huko kila mtu ana simu yake. Mimi hutenga mkutano mzima wiki moja kabla, na siku hizi nimepata mtiririko ninaouamini.

Naanza na mvua. Tarehe 1 Februari 1968 ilikuwa inanyesha Memphis, na wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, wakajificha ndani ya sehemu ya nyuma ya lori, ile inayoshindilia taka. Mtambo ukajiwasha. Wakafa wote wawili. Wenzao walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu malori mabovu, kuhusu mshahara uliowaacha wengine wakitegemea msaada wa serikali ilhali wana kazi, kuhusu kurudishwa nyumbani bila malipo siku ya mvua ilhali wasimamizi wao weupe walilipwa. Tarehe 12 Februari watu wapatao 1,300, karibu wote weusi, hawakwenda kazini. Meya, Henry Loeb, akasema mgomo ni haramu na hatakubali chama chao cha wafanyakazi. Taka zikarundikana. Martin Luther King akaja mwezi Machi kuwaunga mkono. Maandamano ya tarehe 28 Machi yakavurugika, na polisi mmoja akampiga risasi kijana Larry Payne, aliyekuwa na miaka 16, akafa. King akarudi tena. Usiku wa tarehe 3 Aprili, radi zikipiga nje, alihutubia kwenye kanisa la Mason Temple. Kesho yake, saa kumi na mbili na dakika moja jioni, alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye baraza ya chumba 306 cha moteli ya Lorraine. Siku nne baadaye mjane wake, Coretta, akayaongoza yale maandamano ambayo mumewe alikuwa ameyapanga, maelfu ya watu wakitembea kimya. Tarehe 16 Aprili jiji likakubali: chama kitambuliwe, mshahara upande.

Nikifika kwa Larry Payne huwa nasimama kidogo. Vijana wa miaka 14 na 15, ambao mpaka hapo wanachezea kamba za viatu, huinua vichwa. Miaka 16 wanaijua, ndiyo miaka wanayoingojea wapate leseni ya kuendesha gari. Kwa wadogo wa chini ya miaka kumi siingii kwenye mtambo wala risasi. Nawaambia kulikuwa na wababa waliofanya kazi ngumu na chafu kwa ajili ya watu wote, hawakuheshimiwa, wakakataa, na mtu mashuhuri sana akaja kusimama nao. Inatosha kwa umri huo. Ukubwa wa hadithi upimwe na mwenye kuibeba.

Halafu kuna yale mabango. Picha za mgomo ule zinaonyesha wanaume wamesimama mstari mrefu, kila mmoja na bango lenye maneno manne ya Kiingereza: I AM A MAN. Kijana wangu aliniuliza kwa Kiswahili, maana nyumbani ndicho tunachokishikilia, "Baba, hii tunasemaje?" Nikakwama. Ukisema "mimi ni mwanamume" inakuwa majigambo ya mlevi. "Mimi ni mtu" inakaribia zaidi, kwa sababu kwetu mtu ni kinyume cha kitu. Lakini nayo haifiki kote, maana wanaume wale walikuwa wanaitwa "boy" na watu wadogo kwao kwa mbali. Ukiwa na mvi, una wajukuu, bado ni kijana wa kutumwa.

Ndipo nikakumbuka kwamba neno hilo sisi tunalo. Lilipanda meli likaja na kuingia Kiswahilini bila kubisha hodi: boi. Babu yangu alikuwa boi kwenye jiko la mlowezi huko huko Nyeri. Alikuwa na watoto sita na kipara, na mwenye nyumba, msichana wa kumzaa mwenyewe, alimwita hivyo kuanzia asubuhi hadi anapozima taa ya veranda. Shingoni alining'iniza kipande, kile kibati chenye karatasi za kazi ambazo mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kubeba tangu miaka ya 1920. Nilimweleza kijana hayo yote nikiwa namfunga skafu. Akaishika skafu, akaiangalia, akaniuliza kama babu aliruhusiwa kukivua usiku. Sikuwa na jibu. Nilimpigia simu shangazi yangu, akasema alikuwa anakilaza chini ya mto, asije akakosekana nacho asubuhi.

Nawaambia wazazi wenzangu: tafuteni kamba yenu ya kufungia. Kila ukoo wetu una boi wake, au mtu aliyekatazwa kupita njia fulani, au aliyenyimwa kadi. Mtoto akipata hiyo kamba, hadithi ya Memphis haitakuwa ya Wamarekani peke yao, na hataenda kule kama mgeni anayesaidia kwenye msiba wa jirani asiyemjua.

Nikiri jambo jingine hapa. Miaka yote niliyofagia kaburi la Baden-Powell, hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alishtakiwa katika mji huo huo wa Nyeri, akahukumiwa kifo, na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kati ya siku hiyo na siku yetu ya kufagia kuna siku nne. Tulifagia vizuri sana. Hatukujua tumesimama wapi.

Jiandae pia kwa swali ambalo kila mwaka lazima mmoja aulize: je, skauti wa wakati huo walikuwa upande gani? Usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika majimbo ya Kusini makundi ya watoto weusi yalitengwa na ya watoto weupe, na mengine yalinyimwa usajili kabisa. Mimi huwapa mfano wa jimbo letu hili la Tennessee. Huko Nashville, Josephine Holloway aliwakusanya wasichana weusi na kuwafundisha uskauti kwa miaka kadhaa bila kutambuliwa, na kundi lake likakubaliwa rasmi mwaka 1942 tu. Binti yangu aliipenda hiyo kuliko yote. Kwamba unaweza kushika ahadi ya skauti kabla skauti wenyewe hawajakushika.

Sasa kazi yenyewe. Baada ya ule mwaka wa aibu nilimrudia mchungaji, nikamwambia bendera tunashukuru, lakini mwakani tupewe kazi ambayo isipofanyika watu watateseka. Alicheka akanipeleka kwa mama anayesimamia jiko. Hapo ndipo pa kwenda. Kwenye shughuli yoyote, mwenyekiti anajua ratiba, ila mama wa jikoni anajua kinachokosekana. Kumbe viti 200 vinabebwa na wazee wenyewe kutoka ghorofa ya chini. Kumbe hakuna mtu wa kuwapelekea maji waliokaa nyuma. Kumbe njia ya matembezi, mitaa kama sita hivi, haijawahi kufagiliwa, na walemavu kwenye viti vya magurudumu wanapita juu ya chupa zilizovunjika.

Kwa hiyo sisi sasa tunafika saa tatu kabla ya shughuli kuanza. Wakubwa wanabeba viti. Wadogo, wawili wawili, wanapita njia nzima ya matembezi na mifuko na koleo ndefu za kuokotea taka. Sheria ya vikombe tuliyopewa na mzee ndiyo sheria ya kundi: geuza, gonga, ngoja. Mtoto asiyefanya hivyo huwa anakumbushwa na wenzake kabla yangu. Glavu zinunuliwe za saizi ya watoto. Nilinunua za wakubwa mwaka wa pili, na nusu saa baadaye zote zilikuwa mifukoni mwao na mikono mitupu inaokota. Sindano, vioo na chochote cha kutiliwa shaka haviguswi na mtoto: anasimama hapo, ananyoosha mkono juu, mtu mzima anakuja. Viatu viwe vya kufunika vidole. Aprili ya Memphis inaweza kukupa jua na dhoruba katika saa moja, kwa hiyo koti la mvua libebwe hata mbingu ikiwa bluu.

Kwa mambo ya ulinzi sitarefusha. Watu wazima wawili waliosajiliwa, wa miaka 21 kwenda juu, wakati wote, hakuna mtu mzima kubaki faragha na mtoto, fomu ya ruhusa na ya afya mkononi mwangu siku mbili kabla. Asiyeleta fomu haendi, hata akiwa wangu. Na muulize mwandaaji mapema kama wagombea watapewa kipaza sauti. Skauti mwenye sare haruhusiwi kuonekana anampigia mtu debe. Kuingiza bendera na kuondoka ni sawa, kubaki jukwaani nyuma ya mgombea si sawa. Mwaka mmoja diwani mtarajiwa alikuja na fulana zake akataka watoto wazivae juu ya sare "kwa picha moja tu". Nilimwambia kwa adabu kwamba watoto wana zamu ya maji, na kweli walikuwa nayo.

Wazee ndio somo gumu. Skauti amelelewa kumvusha bibi barabara, kwa hiyo akimwona bibi anamdaka kiwiko. Tulikuwa na mvulana mmoja, roho nzuri kabisa, aliyemshika mama wa miaka themanini na kitu aliyekuwa anapanda ngazi za kanisa. Yule mama alisimama, akautazama ule mkono kwenye kiwiko chake, akamwambia, "Mwanangu, mimi nilitembea mwaka 1968 kabla baba yako hajazaliwa. Nikitaka mkono nitauomba." Mvulana akawa mwekundu, akataka kukimbia. Mama akamwambia asiende, akae hapo chini ya ngazi, huenda akaomba. Alipofika ngazi ya tano akaomba.

Tangu hapo tunafanya mazoezi ya kuuliza. Si utani, tunayafanya kweli kwenye mkutano, mmoja anakuwa bibi, mwingine skauti. "Mama, naweza kukusaidia?" kisha unanyamaza, unangoja. Kungoja ndiko kunakowashinda. Kadhalika picha: hakuna kumpiga mzee picha kabla hujajua jina lake na kumuuliza. Ukijua jina lake, mara nyingi utasahau kupiga picha, kwa sababu atakuwa ameanza kusimulia.

Na wakisimulia, waache watoto wakae chini wasikilize hata kama zamu imefika. Mimi huzunguka nikabeba viti vyao. Mwaka jana wasichana wawili walikosa saa nzima ya kazi kwa sababu mama mmoja aliwafundisha namna kina mama wa wakati ule walivyopika kwa ajili ya familia za wagomaji. Walirudi wameshika karatasi yenye vipimo vya mchuzi.

Kuhusu saa za huduma. Ndiyo, zinahesabika. Skauti anayetafuta daraja la Star anahitaji saa sita, na hii ni siku nzuri ya kuzipata. Mimi huziandika kimya kimya usiku nikifika nyumbani. Siku yenyewe nimekataza kuuliza. Mtoto aliyeniuliza katikati ya maombi "Hizi ni saa ngapi sasa?" nilimpa kazi ya kuhesabu viti badala yake, na kusema kweli ilikuwa hasira yangu zaidi kuliko malezi. Baadaye nilimwomba msamaha.

Jioni, tukiwa na wazazi wa kutosha wa kuendesha magari, tunakwenda Lorraine. Moteli ile tangu 1991 ni makumbusho ya haki za kiraia. Nje imeachwa ilivyokuwa: magari mawili ya zamani yameegeshwa chini, shada la maua limetundikwa kwenye reli ya baraza mbele ya chumba 306. Sipeleki wote, maana wadogo wamechoka na mtoto aliyechoka hana adabu, hata awe malaika. Tunasimama nyuma kabisa. Tunazima simu, zangu zikiwa za kwanza. Saa kumi na mbili na dakika moja watu wote wananyamaza, na ukikaa na watoto kumi kwenye ukimya wa namna hiyo utasikia mambo: mmoja anapumua kwa mdomo, mwingine kifuko cha chipsi kinalalamika mfukoni, na kijana wangu, ambaye hajawahi kusimama wima dakika moja mbele ya mama yake, amesimama.

Ndani ya gari wakati wa kurudi nauliza swali moja tu: nani ulimjua jina leo? Sihitaji insha. Wengine hawajibu. Mmoja alijibu Alhamisi iliyofuata, katikati ya somo la kufunga mafundo.

Kuna pahali pengine tulipokuwa tunapita, uwanja uitwao I AM A MAN Plaza, wenye majina ya wagomaji yaliyochongwa ukutani, kando ya kanisa la Clayborn Temple. Hapo ndipo wazoa taka walipokuwa wanakusanyika mwaka 1968 na kuchukua mabango yao. Aprili ya mwaka 2025 watoto waliokota taka eneo hilo, wakatafuta majina, mmoja akapata jina linalofanana na lake la ukoo na kutusumbua nalo siku nzima. Wiki tatu baadaye, tarehe 28 Aprili, Clayborn Temple likateketea. Wachunguzi walisema moto uliwashwa makusudi. Nilidhani watoto hawatajali, jengo lenyewe lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Asubuhi ile nilirudi kutoka zamu ya usiku nikakuta ujumbe kumi na moja kwenye kikundi chetu cha simu. Wa kwanza ulikuwa wa yule aliyetaka kujua saa ngapi. Aliuliza kama majina yameungua. Wa pili ulikuwa wa mtoto mwingine: tunaenda lini kufagia?

Niliwajibu kwamba huko hakuendeki, ni eneo la uchunguzi, kuna masizi na kuta zinazoweza kuanguka. Haikuwatosha, na sikuwa na la kuongeza. Jumamosi hiyo tulikwenda kwa mzee wa vikombe, tukakata majani ya uwanja wake na kumsikiliza akilitaja lile kanisa chumba kwa chumba, mlango wa kuingilia, mahali baba yake alipokuwa anasimama. Ilikuwa ndiyo huduma pekee iliyokuwepo.

Mama wa Goma mwaka jana alikuja mwenyewe. Nilimwona anashuka kwenye gari saa tatu kabla ya wakati, kitenge kimefungwa imara, glavu za manjano za kuoshea vyombo zimeshavaliwa hadi viwikoni. Mwanawe alikuwa nyuma yake, uso umejaa aibu ya kuwa na mama. Nikamwambia kazi za wazazi ni jikoni, akina mama wako ndani. Akaniuliza kama jikoni kuna chupa za barabarani. Nikampa mfuko.

Dakika ishirini hivi baadaye nilimkuta kwenye kona ya barabara, mtoto wake amemshika mkono, anamwonyesha. Kikombe kimegeuzwa kichwa chini. Anakigonga. "Ngoja kwanza, mama," anamwambia. "Bado."